Mwaka Ule Pompe Ilipokufa

Kwenye shule anayosoma binti yangu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, wameweka ndoo yenye bomba dogo mlangoni, na ndani yake maji yaliyotiwa klore, dawa ya kuua vijidudu. Kila mtoto ananawa kabla ya kuingia. Asubuhi moja ya mvua za mwaka huu nilimpeleka, nikakaribia ile ndoo, na harufu ikanipata kabla sijajiandaa. Binti yangu alinawa, akapangusa mikono kwenye sketi, akakimbilia darasani. Mimi nilibaki nimesimama na mwavuli, wazazi wengine wakinipita huku na huku, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Sikuwa nimepoteza kitu. Lakini tangu siku ile situlii. Naanza kufua naacha, nafagia mahali nilipokwisha kufagia, nachemsha maji yaliyokwisha kuchemshwa. Mume wangu anasema nazunguka nyumbani kama mtu anayesubiri gari lisilokuja. Ninyi niliokua pamoja nanyi katika miaka ile mnaijua harufu ya klore, na kwa wengi wenu ni harufu ya hospitali tu, mnaipita. Kwangu mimi ni harufu ya njia ya matope, ya baiskeli ya marehemu, na ya Nkambo, bibi yangu mzaa mama.

Nilizaliwa hapa Lubumbashi, lakini mwaka ule mama yangu alikuwa na mimba yenye shida, na daktari alimwambia alale mpaka ajifungue. Baba alifanya kazi Kipushi, akirudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Hapakuwa na mtu wa kunipikia wala kunisuka. Ndipo mdogo wake mama, Mama mudogo Astrida, akaja kunichukua anipeleke ku mugini, kijijini kwa Nkambo, upande wa Lukafu. Mama mudogo alikuwa bado msichana. Alikuwa na sauti kubwa, alicheka kabla hajamaliza kusema, na alisuka vichwa vya kijiji kizima bila kuchoka. Nkambo, mama yao, alikuwa kinyume chake kabisa: mwanamke mrefu, mkavu, mwenye haya. Hata kula alikula amegeuza uso kidogo, kana kwamba kutafuna ni jambo la siri.

Siku ya kwanza tulishuka mtoni kuteka maji. Njiani tuliipita pompe nzuri ya maji, ya chuma, yenye mkono mrefu na sakafu ya saruji, imesimama mbele ya kanisa. Nikamuuliza Mama mudogo kwa nini hatuteki pale.

"Pompe ilishakufwa," akasema.

"Baliizika wapi?"

Aliweka bidon, dumu letu la maji, chini ili acheke vizuri. Jioni ile kila mtu alikuwa amesikia kwamba mtoto wa Lubumbashi anatafuta kaburi la pompe, na wanawake walinisalimia kwa kuniuliza kama nimeshaleta maua. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilijua kwamba kilichokufa huzikwa. Hiki kilikuwa kimeachwa wima mahali pa wazi, mkono wake umefungwa kamba, watoto wakiufanya bembea. Niliona ni aibu. Niliona pia kuna hatari, ingawa ungeniuliza hatari gani nisingejua la kujibu.

Kwa wakubwa habari ilikuwa fupi. Kuna kipande kilichokatika ndani, kipande kipya kilipaswa kutoka Lubumbashi, na watu walioahidi kukileta hawakurudi. Basi kila mtu alikuwa amerudi mtoni, kama zamani.

Na lazima niseme kweli, niliyapenda maji ya mto ule. Maji ya bomba letu Katuba, siku yalipokuja, yalikuwa na ladha ya chuma. Ya mtoni yalikuwa baridi na matamu, yalinukia majani. Nilikunywa kwa kiganja, kwa kata, kwa kulala kifudifudi kwenye jiwe na kuweka mdomo moja kwa moja. Mpaka leo hilo ni mojawapo ya mambo yanayonifanya nishindwe kutulia: nilikunywa kuliko wote, na mimi sikuugua. Nimewauliza madaktari. Wananiambia hutokea.

Kisha mvua zikaja kwa nguvu. Mto ukapanda, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Vyoo vilikuwa vichache, watu wengi walijisaidia vichakani, na mvua ile iliosha vichaka vyote na kushusha kila kitu mtoni. Sasa naliona jambo hilo waziwazi. Wakati ule niliona maji yamechafuka tu, nikafanya kama wengine: tuliyaacha kwenye bidon mpaka udongo ukae chini, tukanywa ya juu.

Mtoto mchanga wa jirani alikuwa wa kwanza. Akafuata fundi wa baiskeli, mwanamume mwenye nguvu aliyekuwa akiniita "Madame Lubumbashi". Asubuhi alionekana akifungua gurudumu uani kwake, na kabla jua halijashuka wanawake walikuwa wakilia. Neno kolera, yaani kipindupindu, lilisemwa kwa sauti ndogo, kama watu wanavyotaja jina la mtu aliye karibu na anaweza kusikia. Nyumba zilianza kufunga milango mchana. Mama mudogo aliacha kusuka, kwa maana hakuna aliyetaka kushikwa kichwa na mwingine.

Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kuelewa. Pompe ilikufa kwanza. Haikuzikwa. Sasa ilikuwa imekasirika na inawaita wengine. Nilizunguka na wazo hilo nikikosa pa kuliweka, mpaka nikamfuata Nkambo jikoni.

"Nkambo, tuende tuzike pompe."

Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza kutonicheka. Alikuwa akikoroga bukari, ugali wa kwetu, akaendelea kukoroga, kisha akasema, "Tumalize kwanza kuzika bantu."

Asubuhi iliyofuata Mama mudogo hakutoka kuoga. Nilimkuta ameegemea ukuta nyuma ya nyumba, na chini yake maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele. Alitapika, akaenda tena, akarudi akishika ukuta. Jua lilipokuwa juu kidogo macho yake yalikuwa yameingia ndani na vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Kilichonitisha zaidi ni sauti. Ile sauti kubwa ilikuwa imeondoka. Aliongea kwa mkwaruzo, kama anaongea kutoka chumba kingine.

Kituo cha afya kilikuwa mbali, na kijijini hapakuwa na gari. Nkambo alisimama uani akiangalia njia. Hakuna mwanamume aliyekuja kusaidia. Waliogopa, na siwezi kuwalaumu. Aliyekuja ni mjane wa fundi, macho bado yamevimba. Alikuwa akisukuma baiskeli ya mume wake, kinga kwa lugha ya kule.

"Kamata hii kinga," alimwambia Nkambo. "Mwenyewe hataitafuta tena."

Walimkalisha Mama mudogo kwenye karia, kile chuma cha nyuma, wakamfunga kwa kikwembe, yaani kitenge, kiunoni hadi kwenye kiti. Nkambo alishika usukani akasukuma. Mimi nilifuata nyuma nikibeba bidon dogo la maji na kifurushi cha nguo. Matope yalishika magurudumu, tukasimama kuyatoa kwa kijiti, tukaendelea, tukasimama tena. Nilitaka kukimbia. Miguu yangu yote ilitaka kukimbia mbele, na ilibidi itembee nyuma ya ile baiskeli polepole, nikiona kichwa cha Mama mudogo kikiyumba.

"Mama," alisema. "Mayi."

"Ukikunywa itatoka," Nkambo akajibu bila kusimama.

Kila mtu kijijini aliamini hivyo: anayehara akipewa maji, ni kuongeza moto kuni. Na Nkambo alikuwa ameona kwa macho yake kila alichompa asubuhi kikirudi.

"Mama, mayi."

"Vumilia, mwana wangu. Tutafika."

Tulienda. Kisha Mama mudogo akakusanya nguvu zote zilizobaki, nikaona mgongo wake unanyooka.

"Basi nikufwe na mayi mu kinywa, Mama. Hapana na kiu."

Nkambo alisimama. Baiskeli ilimlalia kiunoni, akaishikilia hivyo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hata sasa alilia amenigeuzia mgongo. Kisha akaangalia mbele. Kulikuwa na moshi karibu na njia, moshi mzito wa watu wachomao makala, makaa ya miti. Akasukuma baiskeli kuelekea kule, safari hii karibu kwa mbio.

Kwenye tanuru lile palikuwa na mwanamke mmoja na birika lake jeusi motoni. Alikuwa amepika chai na kuitia sukari nyingi kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakikata miti. Alimwangalia Mama mudogo, akaelewa, wala hakurudi nyuma. Aliipoza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe.

"Mupe kidogo-kidogo," alisema. "Akitapika, mupe tena. Itabakia hata kidogo."

Nkambo alimpa. Mama mudogo alitapika, Nkambo akampa tena. Tulikaa pale mpaka midomo yake ikalowa. Yule mwanamke alimimina chai iliyobaki kwenye chupa akatukabidhi, na wanaume wake walikunywa nini sijui. Mimi pia nilipewa kikombe. Nkambo, aliyesukuma baiskeli tangu asubuhi, alilichukua bidon letu kwa mikono miwili, maji yetu ya mtoni, akanywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka.

"Nkambo, we haukunywe chai?"

"Chai iko ya mugonjwa," alisema, akapangusa mdomo.

Tulifika jua likielekea kutua. Nje ya kituo walikuwa wamesimamisha hema kubwa la plastiki, na mlangoni alisimama mwanamume mwenye buti na mtungi mgongoni. Alinyunyizia klore kwenye magurudumu ya baiskeli, miguu ya Nkambo, miguu yangu, kisha viganja vyangu. Harufu ile ilinichoma macho. Mimi nilijua kwamba wanaooshwa na watu wasiowajua ni wafu. Nikawaza: basi, tumekufa njiani na hakuna aliyetuambia.

"Nkambo," nikamvuta nguo, "tulishakufwa?"

Alinitazama. "Bado," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaribia kutabasamu.

Ndani ya hema vitanda vilikuwa vya turubai, vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Wagonjwa walilala pale wazi, wanaume upande huu na wanawake upande ule, bila kitu katikati. Nkambo aliona lile tundu, akaielewa kazi yake, akaziba mdomo kwa mkono. Lakini Mama mudogo alikuwa amepita mahali pa kuona haya. Walimlaza. Infirmier, muuguzi kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimchoma sindano mkononi, akatundika serum, chupa ya dripu, na nikaona matone yakishuka moja baada ya jingine. Nilidhani ni yale maji yaliyomtoka: wameyaokota, wameyasafisha, sasa wanamrudishia. Niliona ni haki.

Na kweli yalimrudi. Kesho yake macho yake yalikuwa yamesogea mbele. Kesho kutwa aliniita kwa jina, na mgonjwa wa kitanda cha tatu akageuka, maana sauti ilikuwa imerudi yote. Nilicheza nje ya hema siku nzima. Nkambo alikuwa na kazi ya kupika uji kwenye mafiga matatu, na kila mara aliinuka akaenda vichakani nyuma ya kituo, akarudi na vijiti viwili-vitatu mkononi. Alienda tena, akarudi na kijiti kimoja. Nilivipanga vizuri. Familia nyingine zilikuwa na kuni chache, sisi tulikuwa na rundo, na nilijisikia vizuri kuwa mjukuu wa mwanamke mwenye bidii namna ile.

Mama mudogo alinyanyua kichwa, akaliona rundo kupitia mlango wa hema.

"Kuni yote ile ya nini? Tunapika uji tu."

"Ni Nkambo," nikasema kwa majivuno. "Anaenda kutafuta, anarudia, anaenda tena. Hata sasa iko kule."

Uso wake ulibadilika nikiwa naangalia. Alikaa, akaitoa serum pale ilipotundikwa, akaishika juu kwa mkono wake mwenyewe, akatoka peku huku akiyumba. Infirmier alimpigia kelele, kisha akamfuata mbio. Mimi nikawafuata wote wawili.

Nkambo alikuwa amekaa chini kwenye majani marefu, mgongo kwenye mti, nguo zake amezikunja na kujifunika vizuri. Mkononi alikuwa na kijiti. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, juu ya nini haukusema?" Mama mudogo alilia. "Juu ya nini?"

"Siwezi kulala kwa kile kitanda," Nkambo alisema kwa ule mkwaruzo ambao sasa niliujua. "Mbele ya batoto banaume. Acheni nibakie hapa."

"Nkambo," infirmier akapiga magoti, "mi niko kama mujukuu wako. Mule ndani hakuna haya. Bantu bote beko vile vile."

Nkambo akatikisa kichwa. Kijana yule angeweza kumbeba kwa nguvu. Nkambo alikuwa mwepesi kama fimbo. Lakini kijana hakumgusa. Alimwangalia Mama mudogo, na Mama mudogo akafungua kikwembe chake, akabaki na sketi ya ndani mbele ya sisi wote.

"Tutakufunika, Mama. Hakuna muntu atakuona. Mi minakuambia, hata mumoja."

Kwa neno hilo ndipo alipokubali kubebwa.

Hema lilikuwa la plastiki, halikuwa na mahali pa kufungia kamba wala msumari. Ncha moja ya kikwembe waliifunga kwenye mti ulioshikilia serum. Ncha ya pili ilihitaji mtu. Mama mudogo alijaribu, akaanguka, wakamkalisha chini pembeni ya kitanda akishika mguu wa mama yake. Basi nikapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaishika mimi.

"Geuka," Nkambo aliniambia.

Nikageuka. Nilisimama nikiangalia hema, mikono nimeitanua nyuma yangu, kitambaa kikinigusa mgongoni. Mbele yangu wagonjwa wote walikuwa wanaona tunachofanya. Na nikaona mzee mmoja wa upande wa wanaume akijigeuza kwa taabu, akaelekeza uso kwenye plastiki. Kisha jirani yake. Kisha wanawake. Mmoja baada ya mwingine waligeukia ukutani, mpaka mbele yangu nikabaki na migongo.

Nyuma yangu nilisikia infirmier akitafuta mshipa. "Nipe mukono ingine, Nkambo." Kisha, "Tujaribu kwa muguu." Alisema mishipa imejificha. Nilidhani nayo ina haya.

"Bantu beko naangalia?" Nkambo aliuliza.

"Hapana, Nkambo," nikasema. "Hakuna."

"Muzuri."

Mikono ilianza kuniuma, kisha ikawaka moto, kisha nikaacha kuisikia. Mama mudogo aliita "Mama" kwa namna ya kawaida, kama mtu anayetaka kuulizia chumvi. Akaita tena. Halafu infirmier akapita upande wangu, akaniambia kwa upole nishushe mikono. Sikushusha. Alisema tena. Mama mudogo, kutoka chini alipokaa, akasema, "Umuache kwanza." Wakaniacha.

Nkambo alizikwa kulekule, kwa haraka, na watu waliovaa buti; hatukuruhusiwa kumrudisha kijijini. Tulirudisha baiskeli kwa mjane, tukapanda lori la mahindi mpaka Lubumbashi. Kila lori liliposimama Mama mudogo alishuka, akatembea huku na huku barabarani, akapanda tena.

Mama yangu alikuwa amejifungua. Alitukuta mlangoni akiwa bado mweupe kwa udhaifu, na alipotuona wawili bila kusikia ile sauti kubwa ya mdogo wake tangu barabarani, alijua mama yao amekufa. Alikaa kwenye kiti. Hakulia kwanza. Aliuliza namna ilivyokuwa, nani alikuwepo, mama yake alisema nini. Mama mudogo alitafuta neno moja zuri la kumpa yaya wake, dada yake mkubwa, katika yale yote, akapata hilo tu.

"Hakuna muntu alimuona, yaya," alisema. "Hata mumoja."

Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. "Alikufwa peke yake? Mama yangu alikufwa peke yake, kama muntu hana batoto?"

Mama mudogo alijifunika uso kwa viganja. Nikaona hakuna mwingine wa kusema, nikasogea mpaka kwenye magoti ya mama.

"Hapana, mama. Tulikuwa naye. Mi nilikuwa nashika kikwembe."

Hakuelewa. Nikageuka, nikampa mgongo, nikatanua mikono nyuma ili aone. Nilikaa hivyo. Chumbani mdogo wangu alianza kulia, mtoto ambaye nilikuwa bado sijamwona, na hakuna aliyekwenda kumchukua. Kisha nikahisi mikono ya mama ikinishika mabegani, ikashuka polepole hadi kwenye viwiko, hadi vidoleni, kama anayetafuta mahali palipouma.

"Ilikuwa muzito?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa muzito sana."